Gemu Moja, Matoleo Mengi: Ununue la Nchi Gani, na kwa Nani?

Ukitaka kufungua akaunti ya PlayStation ukiwa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, unatakiwa kuchagua nchi, na nchi yako haimo kwenye orodha. Kusini mwa Sahara imo Afrika Kusini tu. Basi kila mtu anajipa uraia wa mtandaoni: huyu Mmarekani, yule Mwingereza, mwingine wa Afrika Kusini. Kwa kawaida tunachagua kwa kuangalia bei na upatikanaji wa kadi za vocha. Ni sababu nzuri, lakini uraia huo unaamua pia utaona nini ndani ya gemu. Jina ni lile lile, jalada ni lile lile, ila huku adui anakatika mkono na kule hakatiki. Huku wahusika wawili wanazungumza, kule wanatazamana kimya.

Wachezaji wakigundua tofauti hizi hugawanyika haraka. Upande mmoja unapiga kelele za udhibiti na kunyimwa uhuru wa kujieleza. Wa pili unajibu kwamba huo ni ujanibishaji tu, kazi ya kawaida ya kuileta gemu katika lugha na mazingira mengine. Naona pande zote mbili zinachanganya mambo. Serikali inayokataza, kampuni inayoogopa, mtafsiri anayejiongeza na mtandao wa malipo unaotishia kujitoa hawafanyi kazi moja, hata kama matokeo yanafanana kwenye skrini. Kwa hiyo ninapolinganisha matoleo nauliza: nani kakata, je, amesema kwamba amekata, na kuna mahali pa kukata rufaa? Jibu la swali hilo la mwisho ndilo linalonifanya nitoe pesa au nizirudishe mfukoni.

Sega au Nintendo: ugomvi wa 1993

Waliokulia kwenye vibanda vya TV gemu wanaikumbuka Mortal Kombat. Ilipotoka kwa mashine za nyumbani mwaka 1993, kampuni ya Nintendo iligoma kuonyesha damu. Kwenye mashine yake, Super Nintendo, mpiganaji akipigwa alitoka matone ya kijivu, kama jasho, na mbinu za kumalizia adui zilipunguzwa makali. Mpinzani wake, Sega, aliacha damu ikiwa imefichwa nyuma ya mfuatano wa vitufe, na kila mtoto wa mtaani akaujua mfuatano huo ndani ya wiki. Toleo la Sega likauza zaidi.

Desemba mwaka huo huo maseneta wa Marekani Joe Lieberman na Herb Kohl waliendesha vikao vya kuwahoji watengenezaji. Mwaka 1994 sekta ikaunda bodi yake ya kupanga madaraja ya umri, ESRB, na mwaka huo huo Mortal Kombat II ikatoka kwenye Super Nintendo na damu yake yote. Mkasi uliwekwa chini, lebo ikachukua nafasi yake. Ningekuwa mnunuzi wa wakati ule ningechukua ya Sega bila kusita. Leo swali hilo limekwisha, lakini linafaa kukumbukwa kila mtu anaposema kwamba njia pekee ya kuwalinda watoto ni kuwakatia watu wazima.

Toleo la Ujerumani au la kimataifa

Hapa ndipo sheria ya nchi inapoingia waziwazi. Kifungu cha 86a cha sheria ya jinai ya Ujerumani kinakataza kuonyesha alama za vyama vilivyopigwa marufuku, swastika ikiwa ya kwanza. Sinema na vitabu viliruhusiwa kuzitumia kwa sababu ya sanaa, elimu au historia. Gemu hazikuhesabiwa hivyo, hasa baada ya uamuzi wa mahakama ya Frankfurt wa mwaka 1998 uliohusu Wolfenstein 3D. Kwa miaka ishirini kampuni hazikutaka hata kujaribu.

Matokeo yake yalifika kileleni mwaka 2017 na Wolfenstein II: The New Colossus. Gemu hii inasimulia Marekani iliyotekwa na Wanazi, na shujaa wake anapigana nao kufa na kupona. Katika toleo la kimataifa wabaya wanatajwa kwa jina lao na Hitler ni Hitler, mzee mgonjwa mwenye wazimu. Katika toleo la Ujerumani swastika zimebadilishwa kuwa alama nyingine, Wanazi wamekuwa "utawala", na Hitler amenyolewa masharubu na kuitwa Heiler. Sina budi kusema kwamba Hitler bila masharubu anachekesha kwa namna ambayo hakuna aliyekusudia. Kisichochekesha ni kwamba mazungumzo yaliyowataja Wayahudi nayo yalibadilishwa. Sheria iliyotungwa ili nchi isisahau ilitumiwa kuzalisha gemu inayosahau, na Wajerumani wenyewe ndio waliolalamika kwa sauti kubwa.

Agosti 2018 bodi ya madaraja ya Ujerumani, USK, ilitangaza kwamba kuanzia hapo kila gemu itaangaliwa peke yake: alama hizo zikitumika kwa sababu ya sanaa au historia, zitapita. Ya kwanza kunufaika ilikuwa Through the Darkest of Times, gemu ndogo kutoka Berlin inayohusu kikundi cha upinzani chini ya utawala wa Hitler. Mwaka uliofuata Wolfenstein: Youngblood ikauzwa Ujerumani pia katika toleo la kimataifa.

Ushauri wangu kwa msomaji aliyeko Berlin au Hamburg ni huu. Gemu za historia zilizotoka kabla ya Agosti 2018 usichukue diski ya dukani bila kusoma maandishi ya nyuma, kwa sababu nyingi ni toleo la zamani lililokatwa. Zilizotoka baada ya hapo hazina shida hiyo kwa kiasi kikubwa. Na mtu aliyeko Mombasa anayeletewa zawadi na shangazi kutoka Ujerumani aombe kitu kingine, au amwambie shangazi atafute la kimataifa.

Australia ni ndugu wa Ujerumani katika jambo hili, ila sababu zake ni nyingine. Hadi Januari 2013 haikuwa na daraja la watu wazima kwa gemu, kwa hiyo yoyote iliyozidi umri wa miaka 15 ilikataliwa kabisa. Mwaka 2008 Fallout 3 ilikataliwa kwa kuwa mchezaji alitumia mofini, dawa halisi. Watengenezaji wakaibadilisha jina kuwa Med-X, na wakabadilisha kwa dunia nzima. Ukicheza Fallout 3 Arusha leo, unacheza na sheria ya Australia ndani yake. Kwa upande mwingine, Disco Elysium: The Final Cut ilikataliwa huko Machi 2021, ikakatiwa rufaa, na Mei ikapita bila kubadilishwa chochote. Msimamo wangu kuhusu sheria umejengwa na kisa hicho: inaudhi, lakini ina mlango wa kugonga.

Toleo la Japani au la Marekani

Wapenzi wa gemu za Kijapani wengi wanaamini kwamba toleo la Japani ni asili isiyoguswa na la Marekani ni lililochafuliwa. Kwenye damu na viungo, ukweli ni kinyume kabisa. Bodi ya Japani, CERO, ina daraja la Z kwa miaka 18 na kuendelea, na hata ndani ya daraja hilo miili kukatwakatwa haipiti kirahisi. The Last of Us Part II ya Japani imepunguzwa. Cyberpunk 2077 ya Japani imepunguzwa. The Callisto Protocol ya 2022 na Dead Space iliyotengenezwa upya mwaka 2023 hazikuuzwa huko kabisa. Waliolipia The Callisto Protocol mapema walirudishiwa pesa.

Fallout 3 inatokea hapa tena. Katika matoleo mengine mchezaji anaweza kuulipua mji wa Megaton kwa bomu la nyuklia lililolala katikati yake, na kuna silaha inayoitwa Fat Man. Katika toleo la Japani njia ya kuulipua mji imeondolewa na silaha imepewa jina jingine. Fat Man ndilo jina la bomu lililoangushwa Nagasaki. Sijawahi kuona sababu ya kuwalaumu kwa hilo, ingawa mimi mwenyewe nataka toleo ambalo mchezaji anaweza kufanya uovu na kuubeba.

Mambo ya mapenzi na nguo yanakwenda upande wa pili. Gemu zilizotoka Japani na wasichana waliovaa kidogo huvalishwa zaidi zikifika Marekani. Tokyo Mirage Sessions #FE ni mfano ulio wazi: toleo la Magharibi la 2016 lilibadilisha mavazi na baadhi ya matukio. Kisha Januari 2020 likaja toleo la mashine ya Nintendo Switch lililotumia marekebisho hayo hayo kila mahali, Japani ikiwemo, na Nintendo ikawapa Wajapani waliokuwa wameagiza mapema nafasi ya kurudishiwa fedha. Hapo toleo la Japani lenyewe lilikuwa limeshapitia mkasi wa Marekani.

Kwa kifupi cha mnunuzi: gemu za kutisha na za risasi, chukua la Marekani au la Ulaya. Gemu za Kijapani zenye wahusika wa kuchorwa, tazama kwanza kama kuna toleo la Asia lenye Kiingereza. Dead or Alive Xtreme 3 ya 2016 haikuuzwa rasmi Magharibi, lakini toleo la Asia lilikuwa na maandishi ya Kiingereza na watu waliliagiza kwa posta kutoka Hong Kong. Kama unalitaka au hulitaki ni kati yako na nyumba yako.

Mtafsiri mwaminifu au mtafsiri mchangamfu

Huu ndio ugomvi mkali kuliko yote, na ndio unaostahili muda.

Ace Attorney ilipofika Marekani mwaka 2005, wakili wa Kijapani aligeuzwa Phoenix Wright wa Los Angeles, na rafiki yake mpenda tambi za rameni akawa mpenda baga. Kadiri mfululizo ulivyoendelea na mahekalu, mizimu na vijiji vya Kijapani vikazidi, Los Angeles hiyo ikawa kichekesho. Hata hivyo watu waliipenda, kwa sababu utani ulifanya kazi. Wakati The Great Ace Attorney inatafsiriwa mwaka 2021, Japani ilibaki Japani. Aliyebadilishwa jina ni Sherlock Holmes, akawa Herlock Sholmes, na hilo lilitokana na hofu ya hakimiliki, si utamaduni.

Sasa weka kando yake Fire Emblem Fates, iliyotoka Japani 2015 na Marekani Februari 2016. Mambo matatu yalibadilika, na hayana uzito sawa. La kwanza, mchezo mdogo wa kumpapasa mhusika usoni uliondolewa. La pili, mazungumzo ambamo mwanamume anatia unga kwenye kinywaji cha msichana anayevutiwa na wasichana yaliandikwa upya. Nintendo ilitangaza kabla ya mauzo kwamba hayatakuwemo. La tatu ni mazungumzo kati ya wahusika Saizo na Beruka, ambayo katika Kijapani ni mazungumzo ya kweli, na katika Kiingereza yakawa nukta nukta nukta, watu wawili wakitazamana. Kwenye la pili nawaelewa: kumtilia mtu kitu kwenye kinywaji si mzaha, na kampuni ilitangaza mapema. Kwenye la tatu siwaelewi hata kidogo. Hakukuwa na kosa la kuficha. Mtafsiri alipewa maneno akarudisha nukta, na mnunuzi hakuambiwa. Mashabiki walitengeneza tafsiri yao wenyewe, na kwa gemu hii ndiyo ninayompendekezea anayejali hadithi.

Lakini sitaki kuwapamba waliojiita watetezi wa uhuru wa kujieleza. Katika msimu ule ule wa 2016 baadhi yao walimwandama mfanyakazi wa Nintendo Marekani kwa matusi ya miezi, wakidai yeye ndiye aliyekata, ilhali kazi yake haikuwa tafsiri. Ukimnyamazisha mtu kwa vitisho kwa jina la kupinga kunyamazishwa, hoja yako imekwisha kabla hujaifikisha.

Yakuza 3 ni kipimo kizuri zaidi. Ilitoka Japani 2009, na Sega ilipoileta Magharibi Machi 2010 iliondoa vilabu vya wahudumu wa kike, mahjong, shogi, mchezo wa maswali na majibu, na visa vidogo vingi. Maelezo yalikuwa kwamba muda ulikuwa mfupi na mambo hayo yasingewagusa wachezaji wa Magharibi. Gemu inayojengwa juu ya mtaa wa burudani wa Tokyo ikaletwa bila burudani! Toleo lililosafishwa la PlayStation 4, lililofika Magharibi mwaka 2019, liliyarudisha karibu yote na kutafsiriwa upya. Wakati huo huo watengenezaji wenyewe, Wajapani, waliondoa kisa kimoja kilichomfanyia dhihaka mhusika aitwaye Michiru kwa sababu ya jinsia yake.

Kwa hiyo ukisimama dukani na zote mbili mkononi, ile ya PlayStation 3 imekatwa na mtu wa kati aliyedhani anakujua. Ile ya PlayStation 4 imepunguzwa kidogo na mwandishi aliyebadili mawazo kuhusu kazi yake. Nachukua ya PlayStation 4 bila kufikiri mara mbili. Mwandishi kujifuta ni sehemu ya uhuru wake.

Konsoli au kompyuta

Hapa sisi wa Afrika tunahusika moja kwa moja. South Park: The Stick of Truth ilipotoka 2014, kampuni ya Ubisoft ilikata matukio saba kwenye matoleo ya konsoli, yaani mashine za gemu kama PlayStation, ya Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika. Toleo la Marekani halikukatwa, na la kompyuta katika sehemu kubwa ya Ulaya halikukatwa pia. Waandishi wa South Park waliamua kwamba kama ni kukata, kila mtu ajue. Matukio yanapofika, skrini inaonyesha sanamu iliyojifunika uso kwa mkono, na chini yake maandishi yanayoeleza kwa utaratibu kitu gani ungekiona. Australia walipewa picha ya koala analia. Kati ya mikato yote ninayoijua huu ndio ninaoupenda, kwani kovu lenyewe limekuwa utani na hakuna aliyedanganywa.

Mwaka 2019 Devil May Cry 5 ilitoka na mwanga mkali unaofunika mwili wa mhusika katika tukio moja la toleo la PlayStation la Magharibi, ilhali la kompyuta halikuwa nao. Mwaka huo huo Senran Kagura Burst Re:Newal iliuzwa PlayStation bila sehemu yake mojawapo, na kompyuta ikiwa nayo. Sony, wenye PlayStation, ilikuwa imekaza sera zake kuhusu maudhui ya ngono. Mwenye nafasi ya kuchagua kati ya mashine hizi mbili, kompyuta inashinda karibu kila mara.

Kwa walioko Muscat au Dubai, ongezeni jambo moja: matoleo ya Ghuba hayatangazi tofauti zake. Mwaka 2022 waliochezea faili za Spider-Man ya kompyuta waligundua kwamba ndani yake mlikuwa na picha za Mashariki ya Kati ambazo bendera za upinde wa mvua zilikuwa zimebadilishwa kuwa za Marekani. Diski nyingi za mtumba zinazofika Kariakoo na Luthuli zimepitia Dubai. Sisemi ni vibaya au vizuri kwa nyumba yako. Wapo watakaoliona hilo kuwa sifa. Nasema lebo haikwambii.

Diski au kupakua

Haraka tu. Stellar Blade ya 2024 ilitangazwa kuwa haijakatwa popote, kisha apdeti ya siku ya kwanza ikaongeza kitambaa kwenye mavazi mawili. Aliyeweka diski bila kuunganisha intaneti alibaki na mavazi ya kwanza. Aliyepakua hakuwa na chaguo. Kwa anayejali, diski ina thamani kwa sababu hii moja.

Steam, GOG au kwa mtengenezaji mwenyewe

Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 7 dhidi ya 2 kwamba gemu zinalindwa kama vitabu. Serikali ya Marekani haiwezi kuzikataza kirahisi. Tangu hapo mkasi umehamia dukani.

Steam, duka kubwa la mtandaoni la gemu za kompyuta, mwaka 2018 ilisema itaruhusu kila kitu isipokuwa kilicho haramu au cha uchokozi mtupu. Ilikaa hivyo hadi Julai 2025, pale kikundi cha Australia kiitwacho Collective Shout kilipoziandikia kampuni za malipo, kama Visa na Mastercard, kulalamikia gemu za ubakaji na ngono ya ndugu. Kwa kuogopa kukosa njia za malipo, Steam ikaondoa gemu nyingi za watu wazima, na itch.io, duka linalopendwa na watengenezaji wadogo, ikazificha zote za aina hiyo kwenye utafutaji wake kwa mpigo, hata za waandishi wadogo wanaosimulia maisha yao wenyewe. Gemu iliyoanzisha malalamiko ilikuwa chafu na ilikuwa imeshaondolewa tangu Aprili. Kinachonisumbua ni njia. Bodi ya Australia ina ofisi na rufaa. Mtandao wa malipo hauna dirisha la kupeleka barua.

GOG, duka jingine la gemu za kompyuta, ilijibu Agosti 2025 kwa kutoa bure gemu 13 za watu wazima. Nikaipigia makofi, lakini kwa mkono mmoja. Desemba 2020 GOG hiyo hiyo ilitangaza itaiuza Devotion, gemu ya kutisha ya Red Candle Games wa Taiwan iliyoondolewa Steam Februari 2019 baada ya wachezaji wa China kugundua hirizi yenye dhihaka kwa Xi Jinping. Saa chache baada ya kutangaza, GOG ikafuta ahadi yake ikidai imepokea ujumbe mwingi kutoka kwa wachezaji.

Kwa hiyo ulinganisho wa maduka ni huu. Steam ina vitu vingi na bei nzuri, lakini ulichonunua kinakaa kwenye akaunti yake. GOG inakupa faili la kusakinisha lisilo na kufuli, na hilo linatosha kuipa ushindi kwa gemu yoyote unayotaka kubaki nayo, hata kama moyo wake ulishawahi kuyumba. Na pale mtengenezaji anapouza mwenyewe, nenda kwake kwanza. Red Candle walifungua duka kwenye tovuti yao Machi 2021: unalipa, unapakua Devotion nzima bila kufuli, unainakili kwenye flashi na kuiweka kabatini.